Maneno ya Kuangusha Njiani: Vitabu vya Watoto Kuhusu Msichana na Hijabu Yake



Jumanne moja jioni, tukiwa tunageuza samaki kwenye vichanja karibu na maji, binti wa mmoja wetu alirudi kutoka masomo akiwa kichwa wazi. Asubuhi alikuwa ametoka nyumbani na hijabu nyeupe, ile ambayo mama yake huifua pamoja na shati lake la masomo. Sasa ilikuwa imekunjwa ndani ya mfuko, chini ya madaftari. Mtoto huyo ana miaka tisa.

Mama yake hakugomba. Alinawa mikono, akamvuta pembeni.

“Imepasuka?”

“Hapana, mama.”

“Pini imepotea?”

“Hapana.”

Sisi wengine tukajifanya tunahesabu samaki. Mwishowe mtoto akasema. Saa ya mapumziko, watoto wawili walimvuta kitambaa kutoka nyuma. Mmoja alicheka kwamba amejifunga pazia la dirisha. Hilo alilivumilia. Lakini wa pili alimwita ADF.

Hakuna mtu wa Ituri anayehitaji kuelezwa neno hilo. Ni jina la kundi lililoua watu na kuchoma nyumba huko Irumu na Mambasa, na kule Beni pia. Wapo kati yetu waliopoteza ndugu. Sasa neno hilo lilikuwa limetupwa kichwani mwa mtoto wa miaka tisa kwa sababu ya kipande cha kitambaa cheupe.

Tulikuwa wanawake saba pale. Wawili ni Waislamu, watatu Wakatoliki, mmoja Mwanglikana, mmoja wa CECA 20. Mmoja wa wale Wakatoliki alinyamaza sana jioni ile. Kesho yake alikuja kutuambia sababu: mtoto aliyesema neno lile ni wake. Na hakulitoa mbali. “Alilisikia kwangu,” alisema, “tukiwa tunakula, mimi na shemeji tukizungumza.”

Ndiyo sababu wiki hii tunaandika juu ya vitabu vya watoto. Neno baya lilimfikia mtoto kutoka kwa wakubwa, jioni, nyumbani. Neno zuri nalo linaweza kupita njia hiyohiyo.

Kitabu kilichovuka ziwa

Kwanza tulienda kwa mwalimu, kama inavyopasa. Alitupokea vizuri, akazungumza na darasa lote bila kumtaja mtoto yeyote. Tunamshukuru. Lakini wote tuliolea tunajua: karipio humfundisha mtoto kufunga mdomo mbele ya mkubwa. Mkubwa akigeuka, mdomo hufunguka tena. Ili mtoto amwone mwenzake kuwa mtu kama yeye, inabidi akae kwa muda ndani ya nafsi ya yule mwenzake. Hilo hufanywa na hadithi.

Mwenzetu mmoja ana dada yake Kanada. Aliposikia habari hii kwa simu, alinunua kitabu cha picha, akampa mtu aliyekuwa akija Kampala. Kikafika Pakwach kwa basi, kikashuka Panyimur, kikavuka kwa mtumbwi kikiwa kimefungwa ndani ya mifuko miwili ya plastiki. Jina lake ni The Proudest Blue. Maana yake ni buluu yenye fahari kuliko zote. Kilitoka mwaka 2019.

Aliyekiandika ni Ibtihaj Muhammad, akisaidiwa na mwandishi S. K. Ali wa Kanada. Picha zimechorwa na Hatem Aly, mzaliwa wa Misri. Ibtihaj ni Mmarekani mweusi, Mwislamu, mchezaji wa mchezo wa upanga. Mama yake alikuwa akimtafutia mchezo ambao mavazi yake yanafunika mwili, asilazimike kushonewa nguo ya peke yake kila mara, na upanga ukawa jibu. Mwaka 2016, kwenye Olimpiki za Rio de Janeiro, akawa mwanamke wa kwanza wa timu ya Marekani kushindana akiwa amevaa hijabu. Yeye na wenzake walirudi na medali ya shaba. Kwa hiyo anayesimulia anajua mambo mawili: anajua kuchekwa, na anajua kushinda.

Hadithi yenyewe ni fupi. Faizah ni mtoto mdogo, na dada yake mkubwa ni Asiya. Siku ya kwanza ya mwaka wa masomo ni pia siku ya kwanza ya Asiya kuvaa hijabu. Walipokwenda dukani kuichagua, mama yao alipenda ya waridi, lakini Asiya alichagua buluu kali. Faizah anamtazama dada yake kama mtu anayemtazama malkia. Kwake, kitambaa kile ni bahari na ni mbingu, pale ambapo huoni mstari kati ya moja na nyingine. Sisi tunaokaa Mahagi-Port hatukuhitaji kufafanuliwa picha hiyo. Asubuhi kukiwa na ukungu, ziwa letu na mbingu huwa kitu kimoja, na milima ya upande wa pili huonekana kama inaelea.

Halafu masomoni wanakuwepo wa kucheka. Mmoja anakiita kitambaa cha meza, na anatisha kukivuta. Mchoraji amewachora hao kama vivuli tu, bila sura. Na hapa ndipo Asiya anakumbuka alichofundishwa na mama yake: maneno ya kuumiza yanayosemwa na wengine si mzigo wako. Usiyabebe. Yaangushe njiani, kwa kuwa hayakuwa yako tangu mwanzo.

Tulikisoma kitabu hicho Jumamosi alasiri, chini ya mwembe, watoto kumi na wanne wakiwa wamekaa juu ya mkeka. Mmoja wetu aliyesomea Uganda alisoma Kiingereza na kutafsiri papo hapo kwa Kiswahili. Kwa wale wadogo tukaongeza Kialur. Tuliwaalika watoto wa wote, wanaofunika kichwa na wasiofunika. Tulipofika kwenye vivuli, mtoto mmoja akauliza: “Kwa nini hawa hawana macho?” Hakuna mkubwa aliyejibu. Tulinyamaza makusudi. Mtoto mwingine akasema labda mchoraji hakuwajua. Na yule mtoto wa mwenzetu, yule aliyesema neno lile, alisema polepole: “Labda wanaona haya.”

Hatutaki kupaka sukari. Hakusimama kuomba msamaha mbele ya watu, na hatukumlazimisha. Lakini tulisikia alichosema, na mama yake alisikia.

Nyanya anayetoka kanisani

Dada yule wa Kanada alitusimulia vitabu vingine viwili vitatu kwa sauti kwenye WhatsApp, ukurasa kwa ukurasa, akituelezea picha. Kilichotugusa zaidi ni Mommy's Khimar cha Jamilah Thompkins-Bigelow, kilichochorwa na Ebony Glenn na kutoka mwaka 2018. Khimar ni jina jingine la ushungi wa Kiislamu.

Ndani yake, mtoto mdogo anaingia kwenye kabati la mama yake, anachagua ushungi wa manjano kati ya rangi nyingi, na kucheza nao nyumba nzima. Akiuvaa anakuwa malkia, anakuwa jua, anakuwa shujaa. Kila mmoja wetu aliwahi kufanya hivyo na kikwembe cha mama yake. Lakini tazameni jambo hili: nyanya ya mtoto huyo si Mwislamu. Anakuja kuwatembelea akitoka kanisani. Anasali mahali pengine, na bado anampenda mjukuu wake vilevile, na mjukuu anampenda. Mwandishi halifanyi kuwa tatizo la kutatuliwa. Ni jamaa tu.

Wangapi kati yetu wana nyumba kama hiyo? Hapa kwetu mjomba ni Mkatoliki, shangazi ameolewa na Mwislamu, binamu ameingia kanisa la uamsho. Sikukuu ya Idi sahani za wali hupita kwa majirani wote, na Noeli sahani hurudi. Mtoto wa nyumba ya namna hiyo anahitaji sana kuona katika kitabu kwamba nyanya wa rozari na mama wa hijabu wanaweza kukaa kwenye benchi moja. Asipoliona, mtu wa nje atakuja kumwambia kwamba lazima achague kumpenda mmoja.

Tukizungumza hivyo, mama mmoja mzee alinyanyua kidole kuelekea ukutani, kwenye picha ya Mwenye Heri Anuarite. “Na huyu je?” alisema. “Amefunika kichwa, na hakuna anayemcheka.” Kweli. Anuarite Nengapeta, sista aliyeuawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964 na kutangazwa Mwenye Heri mwaka 1985, anaonekana na kitambaa chake cha usista katika picha iliyo kwenye nyumba nyingi za Wakatoliki. Na katika makanisa yetu mengi, mwanamke akienda kusali anajifunga kitambaa. Watoto wetu hawajaona kitu kigeni kwa hijabu. Wamefundishwa tu kukiona kigeni pale kinapovaliwa na jirani.

Lalla, na wanawake wenye kazi zao

Vitabu viwili vingine tutavisema kwa ufupi. Deep in the Sahara, cha mwaka 2013, kimeandikwa na Kelly Cunnane na kuchorwa na Hoda Hadadi. Lalla ni mtoto wa Mauritania, kaskazini-magharibi ya Afrika, anayetamani malafa, ile nguo ndefu ya rangi ambayo wanawake wa huko hujizungushia kutoka kichwani hadi miguuni. Kwanza anaitaka kwa sababu ni nzuri. Kisha kwa sababu anataka kuonekana mkubwa. Kila mwanamke wa jamaa anamwambia kwa upole kwamba sababu hiyo haijatosha. Mpaka siku anapoitaka ili asali pamoja na mama yake, ndipo mama anamfunika. Wenzetu Waislamu walikipenda kwa kuwa kinaeleza imani bila kutisha. Hakuna moto, hakuna fimbo. Kuna mtoto anayekua.

Cha pili ni Under My Hijab cha Hena Khan, cha mwaka 2019, na picha za Aaliya Jaleel. Msichana anawatazama wanawake wanaomzunguka: nyanya anayeoka mikate, mama daktari, shangazi anayechora. Nje wamefunika kichwa, kila mmoja kwa mtindo wake. Nyumbani, wakiwa na watu wao, tunaona nywele zao. Kwa watoto wanaouliza “Je, wana nywele?” hilo ni jibu safi. Na kwa wasichana wetu wote, ni ukumbusho kwamba mwanamke yule ana kazi, ana jamaa, ana utani wake.

Neno lina mizizi

Tunarudi kwenye lile neno la uwanjani, kwa maana halikuota lenyewe. Wakubwa wa hapa wana kumbukumbu nzito mbili, ya zamani na ya sasa.

Ya zamani ni hii. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, wafanyabiashara kutoka pwani walifika Maniema, wakakaa Nyangwe na Kasongo. Anayejulikana zaidi ni Hamed bin Muhammed, aitwaye Tippu Tip. Walikuja na lugha hii tunayoiandika hapa, na sala za Kiislamu, na pia bunduki na biashara ya watumwa. Dola ya Leopold ilipigana nao kati ya 1892 na 1894, kisha masomo yakawa mikononi mwa misheni. Wazazi wengi Waislamu waliogopa kuwapeleka watoto huko, na hivyo jamii yao ikabaki nyuma kielimu kwa miaka mingi. Jumuiya ya Waislamu ya Kongo, COMICO, imekuwepo tangu 1972, na leo kuna masomo ya serikali yanayosimamiwa na Waislamu, kama yalivyo ya Wakatoliki, ya Waprotestanti na ya Wakimbangu.

Upande wetu wa ziwa una historia yake pia. Emin Pasha alipoondoka mwaka 1889, aliacha nyuma askari wengi wa Kisudani waliokuwa Waislamu. Mwaka 1891 Kapteni Lugard aliwakuta kwa Kavalli, kusini-magharibi mwa Ziwa Albert, upande ambao leo ni Ituri, wakiwa na wake na watoto wao, na wengi akawapeleka Uganda. Wajukuu wao ni Wanubi wa Arua, wa Bombo, na wa Kibera kule Nairobi. Kwa hiyo mwanamke wa Kiislamu kando ya ziwa hili si mgeni wa jana.

Kumbukumbu ya sasa ni ya damu, na hatuwezi kuipita kimya. Wanaoua wanadai kwamba wanaua kwa jina la dini. Lakini tukumbuke kilichotokea Beni tarehe 1 Mei 2021. Sheikh Ali Amini, kiongozi wa Waislamu aliyekuwa akisema wazi dhidi ya mauaji hayo, alipigwa risasi ndani ya msikiti, wakati wa sala ya jioni. Waislamu wenyewe wamezikwa kwa sababu walikataa. Mtoto anayemwita mwenzake jina la wauaji anamtupia lawama mtoto ambaye huenda naye anaogopa usiku kama yeye. Hayo hatuwezi kumwambia mtoto wa miaka minane kwa maneno haya. Lakini sisi wakubwa tunaweza kuanza kuchagua maneno tukiwa tunakula.

Kitambaa na mlango wa masomo

Mnaweza kusema ni mambo ya watoto tu, yatapita. Sivyo. Kitambaa kikiwa mzozo, anayepoteza masomo kwa kawaida ni msichana.

Jirani zetu wa Kenya waliona hivyo Isiolo. Mwaka 2014 kulizuka ugomvi katika shule ya sekondari ya St. Paul's Kiwanjani, inayofadhiliwa na Kanisa la Methodisti, juu ya wasichana Waislamu kuvaa hijabu na suruali nyeupe pamoja na sare. Kesi ikaenda mahakamani. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufaa iliwaruhusu wasichana. Januari 2019 Mahakama ya Juu ikaufuta uamuzi huo, kwa sababu dai halikuwa limeingizwa kesini kwa njia iliyo sawa. Miaka mitano ilipita. Msichana aliyekuwa wa kidato cha kwanza mambo yalipoanza, alikuwa ameshamaliza umri wa sekondari yalipokwisha. Zanzibar, kwa upande wake, mtandio mweupe ni sehemu ya sare ya kila siku ya wasichana wengi, na hakuna anayegeuza kichwa.

Hapa kwetu kila masomo yana utaratibu wake. Ushauri wetu ni mdogo: mama, uliza siku ya kuandikisha mtoto, siyo siku ya kufukuzwa. Uliza mkubwa wa masomo kama kitambaa cha rangi ya sare kinakubaliwa. Mara nyingi jibu ni ndiyo pale mzazi anapokuja mapema na kwa heshima. Na ninyi ambao binti zenu hawavai, mkisikia mtoto wa jirani amerudishwa nyumbani, msiseme “si wangu”. Mama wawili wa dini mbili wakikaa mbele ya dawati moja, neno lao linakuwa na uzito mara mbili.

Namna ya kuchagua na kusoma

Si kila kitabu chenye picha ya msichana wa hijabu ni kizuri. Baada ya kusoma na kusikiliza hivi vinne, tumepata maswali manne ya kukipima kitabu kabla hamjakiweka mikononi mwa mtoto.

Swali la kwanza: je, msichana ana jambo la kufanya? Kama kitabu kizima ni kitambaa tu, na yeye hachezi, hakosei, hacheki, huyo si mtoto, ni kibanda cha nguo.

Swali la pili: je, kitabu kinamdharau msichana asiyevaa? Kitabu kinachomwinua mmoja kwa kumshusha mwingine kitarudisha ugomvi uwanjani, safari hii kwa upande wa pili.

Swali la tatu: je, kinamwonyesha kama mtu wa kuhurumiwa tu? Msichana wetu hataki huruma. Anataka mtu wa kuruka naye kamba.

Swali la nne: je, unaweza kukisoma kwa sauti mama wa dini nyingine akiwa amekaa karibu nawe, bila kushusha sauti? Ukishusha sauti mahali, simama hapo, ufikiri.

Watoto watauliza, na ni vizuri waulize. Wenzetu Waislamu walitupa majibu mafupi. Je, hasikii joto? Anasikia, kama wewe unavyosikia na viatu vya masomo, na anachagua kitambaa chepesi. Je, ni lazima kwa mtoto mdogo? Wanazuoni wengi wanafundisha kwamba wajibu huanza msichana anapobaleghe. Wadogo huvaa ili wazoee, au kwa kuwa wanapenda kufanana na mama. Na wanaume je, hawaagizwi kitu? Wanaagizwa, tena wao kwanza: katika Surat An-Nur, aya ya 30 inawaambia wanaume wainamishe macho, ndipo aya ya 31 inawageukia wanawake. Wavulana wetu, wa dini yoyote, wasikie hilo vizuri.

Na kanuni moja isiyohitaji kitabu: kitambaa cha mtu hakivutwi. Kilicho kichwani mwa mwenzako, kiwe hijabu, kofia au nywele alizosukwa jana, hakiguswi bila ruhusa.

Vitabu vyetu wenyewe

Vitabu tulivyovitaja vyote vimeandikwa kwa Kiingereza, na bei yake ni ya kuumiza. Mtumbwi mmoja ukituletea kitabu kimoja kwa mwaka, hatutafika mbali. Lakini mama kumwandikia binti yake kwa Kiswahili si jambo la kuomba ng'ambo. Mwaka 1858, huko pwani ya kaskazini ya Kenya, Mwana Kupona binti Msham, mjane, Mwislamu, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake utenzi mrefu wa mausia. Watu wanausoma hadi leo. Baadhi ya mashauri yake ni ya zama zake, na sisi tungeandika mengine. Ila alifanya jambo ambalo nasi tunaweza: alikaa chini akamwekea mtoto wake maneno ya kubaki nayo.

Kwa wale wenye simu, mradi wa African Storybook unatoa bure hadithi fupi zenye picha, nyingi kwa Kiswahili, na unaruhusu mtu kuzichapa na hata kutunga zake. Kwa wasio na simu, tumefanya hivi: karatasi nne za daftari zinakunjwa katikati, zinashonwa kwa sindano na uzi, jalada linakatwa kwenye katoni ya sabuni. Mtoto anasimulia, mkubwa anaandika, mtoto anachora. Kutoka kwenye sanduku la likelemba tulitoa pesa kidogo za kalamu za rangi. Jumamosi tatu, na sasa tuna vitabu kumi na kimoja ndani ya ndoo yenye mfuniko, ili mvua na panya visivipate. Kikundi chochote kinachotaka kuviazima kije. Sharti ni kurudisha, na kuongeza kimoja.

Mtoto wetu wa miaka tisa naye alitunga chake. Hijabu amerudi kuivaa. Siku moja tu hakuivaa, kwa sababu ilikuwa bado mbichi kwenye kamba. Yeye na yule kijana hawajawa marafiki, lakini hawavutani, na nyumbani kwa kijana, mama yake anatuambia, shemeji ameombwa aziache habari zile mlangoni.

Kitabu chake kinahusu bata aliyepotea siku ya soko. Msichana anamtafuta kwenye mitumbwi, chini ya meza za wauza samaki, hata ndani ya pipa, mpaka anamkuta amelala juu ya nyavu. Tulikisoma mbele ya wote, wakacheka sana pale kwenye pipa. Kilipokwisha, mmoja wetu, akiwa bado na mawazo ya makala hii, akamwuliza: “Mwanangu, na hijabu iko wapi katika hadithi yako?”

Mtoto alitutazama kama watu wasioona vizuri. Akafungua ukurasa wa kwanza, akaweka kidole juu ya picha.

“Si hii hapa, mama. Iko kichwani.”